Nilivyojifunza Kukagua Maganda ya Risasi Kabla ya Kuyajaza Upya

Katika kila risasi inayofyatuliwa, ganda ndilo sehemu pekee inayorudi mkononi mwa mlengaji ikiwa bado na kazi ya kufanya. Baruti imekwisha kuungua, kichwa cha risasi kimekwenda zake kwenye shabaha, na fataki, kile kikombe kidogo cha kitakoni kilichowasha moto, haifai tena; ganda peke yake huanguka chini likiwa na joto, na juu yake zimechapwa alama za yote yaliyotokea ndani ya chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Nilipoanza kujifunza kujaza upya maganda ya risasi, mlengaji wa siku nyingi aliyekubali kunielekeza hakuniruhusu kugusa baruti wala mizani yake. Aliniwekea mezani rundo la maganda machafu, taa, kioo cha kukuzia na waya mwembamba, akaniambia nitenganishe yanayofaa na yasiyofaa, na kwa kila ganda nitakalolitupa nieleze sababu. Sharti hilo la mwisho ndilo lililonifundisha zaidi, kwa kuwa lilinilazimu nijue kila alama imetokana na nini kabla ya kuamua kama ina hatari au haina.

Mambo ya vipimo vya baruti siyagusi hapa. Hayo yana vitabu vyake, na mwanafunzi hana ruhusa ya kubahatisha. Tena mtu yeyote anayefikiria kazi hii inampasa ajue kwanza sheria ya nchi yake, kwa sababu ziko nchi zinazodai kibali maalumu kwa anayejaza risasi na ziko zinazokataza kabisa.

Maganda yanayojazwa upya huwa ya shaba njano, ambayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Mchanganyiko huu una sifa ambayo bunduki inaitegemea: fataki inapowaka na baruti kugeuka gesi, kuta za ganda hutanuka mpaka zikaikumba chemba, zikaziba njia yote ili gesi isirudi nyuma usoni mwa mlengaji, na mara shinikizo linaposhuka hunywea kidogo ili ganda liweze kutolewa. Nguvu inayofanya hayo ni kubwa mno. Kwa kaliba (yaani aina na kipimo cha risasi) ya .308 Winchester, kiwango cha juu kilichowekwa na C.I.P., chombo cha kimataifa kinachosimamia vipimo vya silaha na risasi, ni bar 4,150, yaani zaidi ya mara elfu nne ya uzito wa hewa inayotuzunguka. Kwa bastola ya 9 mm Luger ni bar 2,350. Kinachomtenganisha mlengaji na nguvu hiyo ni chuma cha bunduki pamoja na ganda jembamba la shaba njano. Tangu nilipozielewa tarakimu hizo, sijawahi kuuona ukaguzi kuwa kazi ya kupoteza wakati.

Kazi huanza na kuchambua, na hapo jicho hutafuta mambo yasiyohusu ubovu wa ganda lenyewe. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba katika rundo lililookotwa uwanjani hamna risasi nzima iliyokataa kuwaka au iliyoanguka bila kufyatuliwa. La pili ni kusoma maandishi yaliyogongwa kwenye kitako, kwa kuwa maganda mengi hufanana kwa mtazamo wa haraka. Ganda la 9 mm Luger lina urefu wa milimita 19.15, la Makarov lina takribani milimita 18.1, na la .380 ACP lina milimita 17.3, yakichanganyika kwenye ndoo moja, mikono iliyochoka haiyatofautishi. Vivyo hivyo maganda ya .308 Winchester, .243 Winchester na 7mm-08 yana vitako vya ukubwa mmoja, kwa sababu mawili ya mwisho yalizaliwa kutokana na la kwanza kwa kubanwa shingo. Mara nyingine ganda dogo hujificha ndani ya kubwa, mfano la 9 mm ndani ya la .40, na lisipoonekana mapema litakwama kwenye kalibu, kile chombo cha chuma kinacholibana ganda ili lirudi kwenye vipimo vyake.

Sumaku ndogo nayo huwa mezani. Yako maganda ya chuma yaliyopakwa rangi ya shaba, na jicho la anayeanza hudanganyika nayo, lakini sumaku haidanganyiki. Maganda ya chuma na ya alumini huyaweka kando bila majadiliano, kwani hayana ule mnyumbuko wa shaba njano unaoruhusu kutanuka na kubanwa mara nyingi.

Kisha humulika taa ndani ya mdomo wa ganda na kutazama sakafu yake. Nikiona tundu moja la moto katikati, ganda hilo ni la mfumo wa Boxer na fataki yake hutolewa kwa pini ya kawaida ya kalibu. Nikiona matundu mawili madogo, hilo ni la mfumo wa Berdan, na pini ikiliingia hukutana na shaba ngumu katikati, ikapinda au ikavunjika. Mifumo yote miwili ilisajiliwa mwaka 1866. Edward Boxer alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza na Hiram Berdan alikuwa Mmarekani, ilhali leo mfumo wa Mwingereza ndio ulioenea Marekani na ule wa Mmarekani ndio uliokita mizizi katika nchi nyingi za Ulaya. Historia hiyo hunipendeza, lakini faida yake mezani ni ndogo: ganda la Berdan huenda kwenye pipa la chakavu.

Kuhusu usafishaji nitasema machache. Fataki nyingi zina kemikali ya ledi, yaani yale madini ya risasi yenye sumu, na vumbi lake hubaki ndani ya maganda na katika chembe za gunzi la mahindi au maganda ya jozi tunazotumia kuyasugulia kwenye mashine ya kutikisa. Kwa hiyo humwaga chembe hizo mahali penye hewa, navaa barakoa na glavu, sili wala kunywa mezani, na hunawa mikono kabla ya kugusa kitu kingine. Jambo ninalotaka kulisisitiza zaidi ni kwamba ukaguzi wa kwanza lazima ufanyike kabla ya kusafisha. Masizi ni ushahidi. Masizi yaliyozunguka fataki yanaonyesha kwamba gesi ilivuja pale, na masizi yaliyoshuka kutoka shingoni hadi begani huashiria kwamba shinikizo lilikuwa dogo kiasi cha kutoutanua mdomo uzibe chemba sawasawa. Ukishaling'arisha ganda, maneno hayo yote yamefutwa. Tena mng'ao wenyewe huwavutia watu vibaya: ganda linalometameta linaweza kuwa limekwisha nguvu, na lile lililofifia rangi likawa zima kabisa.

Jicho la mtu mgeni hukimbilia mdomo na shingo, na si bila sababu, kwa kuwa huko ndiko nyufa zinakoonekana wazi. Kila risasi inapofyatuliwa shingo hutanuka, kisha kalibu huibana, kisha chuma cha kupanulia hupita ndani yake, na mzunguko huo unaporudiwa shaba njano hukakamaa hadi siku moja ikapasuka kwa urefu. Ufa wa shingoni kwa kawaida hauleti madhara makubwa kwa bunduki, lakini ganda hilo haliwezi tena kukishika kichwa cha risasi sawasawa, kwa hiyo hutupwa. Shida ni kutofautisha ufa na mkwaruzo. Nilifundishwa kupitisha ukucha kwa upole kukata mstari huo: mkwaruzo huteleza au hugusa kidogo tu, ufa hunasa. Nikibaki na shaka, naliweka ganda mbele ya taa na kutazama ndani kama mwanga unapenya.

Kwa maganda ya bastola, ambayo ni mengi na madogo, kuna njia nyingine inayotumia masikio. Ukichukua maganda machache kiganjani na kuyatikisa, maganda mazima hulia kwa sauti ya wazi yenye kuendelea, na lililopasuka hutoa mlio uliokufa, wenye kukwaruza, hata kabla hujaona ufa wenyewe. Mwanzoni sikusikia tofauti yoyote. Mwalimu wangu alitia ganda moja bovu katikati ya mazima, akanitikisia, akalitoa, akanitikisia tena, akarudia hivyo mpaka sikio lilipozoea, na sasa mlio ule hunishtua hata nikiwa nafikiria jambo lingine.

Ziko nyufa zisizotokana na kufyatua kabisa. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India katika karne ya 19 waliona risasi zao zikipasuka maganda zikiwa ghalani, hasa majira ya mvua, na ghala zenyewe mara nyingi zilikuwa karibu na mazizi ya farasi. Maelezo kamili yalipatikana mwaka 1921: amonia inayotoka kwenye mkojo wa wanyama, ikichanganyika na unyevu, huishambulia shaba njano ambayo bado ina mkazo ndani yake tangu ilipoundwa, ikaipasua. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuipasha ganda moto ili mkazo uondoke. Somo hilo linamhusu hata mtu wa leo aliye na rafu moja ya maganda, kwa kuwa baadhi ya dawa za kung'arishia vyombo vya shaba zina amonia. Zinang'arisha haraka kweli, lakini kwangu haziruhusiwi kugusa ganda.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, ambayo ndiyo kiini cha ukaguzi wa maganda ya bunduki: pete iliyo juu kidogo ya kitako. Ganda si nene kwa usawa. Kitako chake ni kipande kizito cha shaba, na kuanzia hapo ukuta huendelea kuwa mwembamba kuelekea shingoni. Shinikizo linapopanda, sehemu nyembamba ya mbele hutanuka kwanza na kuing'ang'ania chemba, lakini kitako kizito hakitanuki hivyo. Chenyewe husukumwa nyuma mpaka kiiguse bolti, yaani chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma. Iwapo kuna nafasi kati ya kitako na bolti, basi mbele imeshikwa na nyuma inavutwa, na mvutano wote huangukia pale ukuta mnene unapokutana na ukuta mwembamba. Shaba hurefuka pale na kukonda. Tendo hilo likirudiwa mara kadhaa, ganda hukatika vipande viwili wakati wa kufyatua: kitako hutoka na kiwiliwili hubaki chembani, na gesi yenye joto na shinikizo nililolitaja hupata njia ya kutoka nyuma.

Ndiyo maana nasema jicho linalokimbilia mdomoni linatazama upande usiofaa. Ufa wa shingo huonekana na kila mtu na madhara yake ni madogo. Kukonda kwa ukuta karibu na kitako huanzia ndani, mahali pasipoonekana, na madhara yake ndiyo makubwa. Dalili ya nje ni mstari mwembamba unaong'aa kulizunguka ganda, mwepesi wa rangi kuliko shaba iliyo jirani, wakati mwingine ukiwa na ufa mdogo kama unywele. Lakini dalili hiyo huchelewa. Ukiiona kwa nje, ndani pameshaliwa sana.

Hapo ndipo ule waya unapofanya kazi. Ni waya mgumu wa chuma, mwembamba, ulionolewa ncha na kupindwa pembe fupi mwishoni. Unaushusha ndani ya ganda hadi sakafuni, unaigusisha ncha kwenye ukuta, kisha unaupandisha taratibu. Katika ganda zima ncha hupanda kwa ulaini mmoja. Katika ganda lililoanza kukonda, ncha hudondokea kwenye mfereji na kunasa kidogo kabla ya kuendelea. Unarudia upande wa pili, na wa tatu, kwa sababu mfereji hauzunguki sawasawa kila mara. Nakiri kwamba ni kazi ya vidole zaidi kuliko macho, na vidole havifundishwi kwa maandishi. Mwalimu wangu alichukua maganda mawili, moja ambalo waya ulinasa na moja ambalo haukunasa, akayapasua kwa msumeno kwa urefu, akayaweka ubavu kwa ubavu. Katika lile la kwanza mfereji ulionekana wazi, umekula karibu nusu ya ukuta, ilhali nje palikuwa na weupe hafifu tu ambao ningeupita. Namshauri kila anayeanza atoe sadaka ganda moja la kila kundi na kulipasua namna hiyo. Hakuna maelezo yatakayomfikisha pale alama hiyo inapomfikisha.

Hata hivyo, si kila pete iliyo karibu na kitako ni pete ya hatari, na hapa ndipo sharti la kueleza sababu liliponisaidia sana. Kalibu ya kulirudishia ganda vipimo vyake haifiki mpaka kitakoni. Inapoishia huacha mstari, na mstari huo hung'aa, na unakaa karibu na pale pale. Kuutofautisha na ule mwingine kunahitaji kuutazama ukingo wake: alama ya kalibu ni kama ngazi ndogo, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba, na waya ukipita ndani hausikii chochote. Yako maganda mazuri mengi yanayotupwa na wanafunzi kwa sababu ya mstari huo usio na kosa. Kutupa ganda zima si hasara kubwa, na kama mtu hana hakika ni afadhali alitupe. Ila mwenye kutupa asipojua anatupa kwa nini, siku nyingine ataacha kutupa kwa ujinga ule ule.

Baada ya kuielewa alama nilianza kuuliza ile nafasi kati ya kitako na bolti inatoka wapi. Ganda lenye bega, kama la .308 Winchester au .223 Remington, huzuiwa lisiingie mbele zaidi na bega lenyewe linapogusa chemba. Ganda lenye ukingo huzuiwa na ukingo wake, na la bastola lililonyooka, mfano la 9 mm Luger, huzuiwa na mdomo. Kwa hiyo, mtu akiifunga kalibu chini kupita kiasi, bega husukumwa nyuma, ganda linakuwa fupi kuliko chemba, na kila mfyatuo unalivuta ganda ili lijaze upungufu huo. Anayefanya hivyo hutengeneza ubovu kwa mkono wake mwenyewe kwenye bunduki isiyo na kasoro yoyote. Kwa bunduki ya bolti, wengi huridhika bega likirudi nyuma kwa sehemu ya milimita kati ya 0.03 na 0.05 tu, na kipimo hicho hupatikana kwa kifaa kinachofungwa kwenye kalipa, chombo cha kupimia urefu kwa usahihi, na kulishika bega, ukilinganisha ganda kabla na baada ya kubanwa. Tangu nilipoanza kupima hivyo, ukaguzi wa pete haukuwa tena uwindaji wa ubovu pekee. Ulikuwa pia njia ya kuihukumu kazi yangu ya mzunguko uliopita.

Kitako nacho kina mengi ya kusema. Ukingo wa fataki ukiwa umebapika hadi kujaza pembe zote, au alama ya pini ikiwa na ukuta ulioinuka kuizunguka, au kitako kikiwa na duara linalong'aa pale shaba ilipojipenyeza kwenye tundu la kisukuma ganda, hizo ni dalili ambazo huhusishwa na shinikizo lililozidi. Nasema huhusishwa kwa makusudi. Fataki laini hubapika hata kwenye shinikizo la kawaida, na tundu pana la pini kwenye bolti huacha ukuta ule ule ulioinuka, kwa hiyo alama moja peke yake haitoshi kuhukumu, na kutokuwepo kwa alama hakuthibitishi kwamba shinikizo ni salama. Dalili ninayoiamini zaidi huja baadaye, wakati wa kutia fataki mpya: ikiingia bila upinzani, kama inadondoka tu, shimo la fataki limetanuka na ganda hilo limekwisha, hata kama sehemu zake nyingine zote ni kamilifu.

Maganda ya kijeshi huongeza jambo lake. Fataki zake mara nyingi huwa zimekazwa kwa kupondwa ukingo wa shimo ili zisitoke kwenye silaha za kasi, na alama ya msalaba ndani ya duara kwenye kitako huonyesha kwamba risasi ilitengenezwa kwa viwango vya NATO. Ukingo huo uliopondwa lazima uondolewe kabla fataki mpya haijatiwa, maana kuilazimisha fataki kwenye shimo lililobana ni kucheza na kitu kinachowaka kwa kugongwa. Kuta za baadhi ya maganda hayo ni nene zaidi, kwa hiyo nafasi ya ndani hupungua na kiasi kile kile cha baruti huzalisha shinikizo kubwa zaidi. Hii ndiyo sababu siyachanganyi na maganda ya kiraia hata yakiwa ya kaliba moja.

Kwa upande mwingine, maganda ya kijeshi yana doa ambalo halipaswi kumtisha mtu: rangi ya buluu na kahawia iliyosambaa shingoni na begani. Doa hilo limeachwa na moto uliotumika kiwandani kulainisha shingo, na viwanda vingine hulisugua liondoke ilhali jeshi hulibakiza. Rangi ya moto ikionekana kwenye kitako ni habari nyingine. Kitako lazima kibaki kigumu, na ganda lililopitia moto wa kuchomea takataka au moto wa nyumba limelainika mahali palipopaswa kubeba mzigo mkubwa kuliko pote. Ganda la namna hiyo silipi nafasi ya pili. Kutu ya kijani iliyochimba vishimo nayo hailipi kuisafisha, na madoa ya rangi ya waridi yanaonyesha kwamba zinki imetolewa na asidi au chumvi, ikaacha shaba nyekundu iliyo dhaifu.

Mabonyeo huwaogopesha sana wanaoanza kuliko yanavyostahili. Mdomo uliobonyea kwa kugonga sehemu ya bunduki wakati wa kutoka hunyooshwa na kalibu. Bonyeo dogo la begani lililosababishwa na mafuta mengi ya kulainishia hutanuka lenyewe risasi inapofyatuliwa. Kinachoamua ni kama shaba imekunjika kwa pembe kali. Pembe kali ni ufa unaosubiri.

Urefu nao lazima upimwe, na upimwe baada ya kubana wala si kabla, kwa sababu kubana hurefusha. Ganda la .308 Winchester halipaswi kuzidi milimita 51.18, na la .223 Remington milimita 44.70. Likizidi, mdomo unaweza kusukumwa ndani ya mwanzo wa mtutu, ukakibana kichwa cha risasi wakati ambapo kilitakiwa kiachiliwe, na shinikizo likapanda hata kama baruti ilipimwa kwa usahihi. Kwa jicho, ganda refu mno ni zuri kabisa. Kalipa pekee ndiyo inayolijua.

Maganda ya bastola yaliyonyooka hayana shida kubwa ya pete, kwa kuwa hayavutwi kwa namna ile. Yana uvimbe. Baadhi ya bastola zina chemba isiyoufunika ukuta wote karibu na njia ya kuingizia risasi, na hapo shaba hutokeza tumbo upande mmoja. Ganda la tumbo dogo hurekebishika, lenye tumbo lililojitokeza kwa kona hutupwa, na yote hupitishwa kwenye geji ya kaliba husika kabla ya kukubaliwa. Kwenye .45 ACP naongeza kutazama ukubwa wa shimo la fataki, maana yapo yenye shimo kubwa na yapo yenye shimo dogo, na ganda la aina moja likipenya kwenye kundi la aina nyingine husimamisha kazi, tena mahali penye fataki hai.

Utaratibu niliobaki nao una ukaguzi mara nne: wakati wa kuokota, kabla ya kusafisha, baada ya kubana na kukata urefu uliozidi, na mara ya mwisho maganda yakiwa yamesimama kwenye ubao wake kabla baruti haijafunguliwa. Naukagua kila mzunguko kwa kundi lililofyatuliwa pamoja, na kwenye sanduku la kila kundi naandika kaliba, kiwanda kilichogonga kitako, idadi ya mizunguko na kilichonifanya nitupe chochote kilichotupwa. Kumbukumbu hizo zimenifaa kuliko nilivyotarajia. Katika kundi moja la .308 waya ulipoanza kunasa kwenye maganda machache, daftari lilinionyesha kwamba yote yametumika sawasawa, kwa hiyo nililiondoa kundi zima badala ya kuokoa yale ambayo yalikuwa bado hayajanasa. Yaliyobaki yalikuwa njiani kuelekea huko huko.

Lililokataliwa haliachwi likiwa na umbo lake. Nalibana mdomo kwa koleo mpaka likunjike, kisha nalitia kwenye pipa la chakavu, ili asitokee mtu mwingine, au mimi mwenyewe jioni yenye uchovu, akalirudisha mezani. Uchovu wenyewe nao nauhesabu kama kasoro: macho yakianza kupita juu ya maganda bila kuuliza, nazima taa na kuyafunika hadi siku nyingine, kwa kuwa ganda halina haraka.

Makundi yangu yaliyosalia yamefikia mahali ambapo shingo zimeanza kukakamaa, kichwa cha risasi kinaingia kwa nguvu isiyo sawa kutoka ganda moja hadi jingine, na hatua inayofuata ni kuzilainisha kwa moto. Mwalimu wangu amekubali kunisimamia, kwa sharti kwamba kwanza nimwonyeshe kwa wino wa kubadilika rangi kwamba joto halishuki mpaka kitakoni.